Oringi ya Feri na tiba ya dola milioni mbili

Kipira kidogo cha duara, cheusi, kimelowa oili. Fundi wa injini za boti pale Feri, Mtwara mjini, alikitoa kwenye kopo la maziwa akaniambia, "Hii oringi ukikosea saizi yake, mafuta yako yote yatanywewa na bahari." Bei yake haifiki ya soda mbili.

Kipira hiki kiliwahi kuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasinakili alichobuni. Niels Christensen, fundi mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, aliiomba mwaka 1937 akiwa na miaka 72. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, serikali ya huko ikaitwaa, ikaruhusu viwanda vingine vitengeneze, mwenyewe akapewa kifuta jasho cha dola 75,000.

Kisa hiki hunijia kila mjadala wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, unapozuka, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba yake iitwayo Casgevy: seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, zikahaririwa kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kubadili vinasaba, ili zitengeneze tena hemoglobini ya uchangani, isiyoathiriwa na selimundu, halafu akarudishiwa. Marekani inauzwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Wengi wetu tunaona mchawi wa bei hiyo ni hataza. Wanaoitetea huuliza nani angemwaga fedha kwenye utafiti unaoweza kufeli, kama jirani angeruhusiwa kunakili kesho yake. Tena hataza humlazimisha mvumbuzi kuanika siri yake, na kwa kawaida miaka 20 ikipita inakuwa ya wote. Hoja ina uzito. Oringi ya Feri ni shahidi.

Lakini kama vita vilitosha kuiweka hataza kando, ugonjwa unaoua watoto umepungukiwa nini? Hata kanuni za biashara za dunia zimeziruhusu nchi maskini zaidi, yetu ikiwemo, zisilinde hataza za dawa hadi 2033.

Hapo ndipo mimi naachana na pande zote mbili. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Isiyoombewa ulinzi hapa haimfungi mtu wa Lindi. Oringi ukishajua kipimo na aina ya mpira, unamimina kwenye kalibu. Seli hazina kalibu. Mgonjwa hupewa kwanza kemo kali ya kusafisha uboho, hukaa wodini wiki kadhaa kinga ikiwa chini, na seli zake huhaririwa kwenye maabara ya usafi wa hali ya juu. Hayo hayamo kwenye karatasi ya hataza, hata ukipewa bure.

Tazama haidroksiurea, kidonge kinachopunguza makali ya selimundu. Ni dawa ya zamani, hakuna hataza inayokizuia. Hata hivyo si dawa ya kuikuta kila zahanati. Mama wa kijijini huko Nachingwea huanza kwa kutafuta nauli ya basi.