Eti maneno yanaua picha

Juzi nilikuwa kwenye ufunguzi wa maonyesho ya wachoraji chipukizi hapa Dar. Ukumbi siutaji. Kijana mmoja kaleta picha ya fundi cherehani, fundi kainama mpaka pua inakaribia kugusa sindano, na ukutani nyuma yake, kwa njano ya kuumiza macho: UKICHELEWA KULIPA NACHELEWA KUSHONA. Watu wanacheka, wanapiga picha. Akaja jaji, mtu mzima mwenye miwani shingoni, akamwambia mbele yetu sote: "Maneno yanaua picha. Toa hayo maandishi, acha picha ijisemee."

Ijisemee! Na pembeni ya kila picha kwenye ukumbi ule kulikuwa na karatasi ya maelezo, aya nne za Kiingereza kigumu, kutueleza tunachotazama. Kumbe mwenye ruhusa ya kuisemea picha ni mwandaaji wa maonyesho tu. Aliyeichora anyamaze.

Imenichosha hii habari ya kwamba mchoraji akiandika ameshindwa kuchora. Basi tumwongelee Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo kule Kongo, mwaka 1947. Mtu wa Kiswahili huyu, kile cha Katanga, jimbo la huko. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kutembeza kazi zake mlango kwa mlango. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa anafundisha chuo kikuu pale, historia nzima ya nchi yake katika picha 101, kisha wakakaa kitako akamsimulia picha moja moja.

Mojawapo ni Kalvari ya Afrika. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kalala chini, kafa. Nyuma yake kuna misalaba mitatu, maana wenzake Mpolo na Okito waliuawa naye Januari 17, 1961, na Tshibumba hakutaka usumbuke kutafuta anamfananisha na nani. Ubavuni damu inatoka. Inashuka, inatiririka ardhini, na huko inakotiririka inaandika: Unité. Umoja.

Haya, mheshimiwa jaji, tutoe maandishi. Tunaanzia wapi? Ukifuta neno umefuta damu, na ukifuta damu umebaki na mtu aliyelala. Neno lile halikubandikwa juu ya tukio ili kulieleza, ndilo tukio lenyewe: wamemtoboa mtu, na kilichomtoka ni kile alichokuwa akikihubiri. Ungeuchoraje umoja bila kuuandika? Mikono miwili iliyoshikana? Hiyo tumeiona kwenye mabango ya kila mradi wa wafadhili, na sijawahi kumwona mtu akilia mbele yake.

Halafu kuna suala la jicho. Jicho linalotazama linaruka tu, kofia, mlima, msalaba, limemaliza. Jicho linalosoma linalazimika kwenda herufi kwa herufi, na pale linaburutwa ardhini pamoja na damu, taratibu, kwa mwendo ule ule wa damu. Mchoraji amekukamata shingo akakuinamisha. Asiyejua kusoma je? Ataona damu inapindapinda kwa namna isiyo ya kawaida, atamuuliza mtoto wake aliye shuleni, "Hapa pameandikwa nini?" na mazungumzo yameanza. Katanga picha hizi zilitundikwa sebuleni na watu waliziita ukumbusho. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuwafanya watu waanze kusimuliana.

Ipo na ile ya mfungwa anayechapwa viboko gerezani, bendera ya Ubelgiji juu, ambayo wachoraji wengi wa huko waliichora na Tshibumba naye akaichora. Juu yake ameandika Colonie Belge 1885-1959. Bila miaka ile ni mtu anachapwa mahali fulani, pole zake. Ukishaiweka, yule pale ni babu wa mtu.

Kinshasa yupo Chéri Samba. Alifika mjini 1972 akitokea kijijini Kinto M'Vuila, akaanza kwa kuchora mabango ya biashara, na 1975 akafungua karakana yake. Aliona wapita njia wanatupia picha jicho na kuendelea na safari zao. Akaandika humo ndani, Kilingala na Kifaransa, wakasimama. Hiyo ni akili ya fundi mabango, mtu anayejua herufi inakula nafasi kiasi gani na nyekundu inasomeka juu ya rangi ipi. Hapa kwetu mafundi wa aina hiyo tuliwatupa siku zilipoingia mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na sasa kila saluni ina sura ile ile ya mwanamke wa kwenye intaneti. Ila hilo nitaliandikia siku yake.

Nakubali, shingo upande, kwamba maandishi yanaweza kuharibu. Zipo kazi za Samba ambazo naona kama nasomewa risala ya mgeni rasmi. Na zile picha za mashindano ya shule, msichana, kitabu, jua linachomoza, ELIMU NI UFUNGUO WA MAISHA, hizo mtu azichome usiku. Lakini hapo tatizo ni neno bovu, na rangi mbovu nazo zimejaa tele bila mtu kusema rangi zinaua picha.

Anayesema si utamaduni wetu simjibu. Amuulize mama yake kama aliwahi kununua kanga bila kusoma jina.

Mimi nashuku ni soko tu. Twiga wa Tingatinga anapanda ndege bila mkalimani. Fundi cherehani anayedai hela yake kwa Kiswahili atamlazimu mnunuzi kuuliza, na wenye kumbi hawapendi mnunuzi aulize.

Picha za Tshibumba ziko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililojulikana kama Tropenmuseum. Yeye mwenyewe hakusikika tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu cha Fabian cha 1996 ni cha Kiingereza, lakini mazungumzo yao kwa Kiswahili aliyaweka mtandaoni, na hayauzwi. Sijasikia darasa la sanaa hapa nchini linaloyasoma. Kifaransa kimo kingi na ngeli zinakwenda zinavyotaka, ila baada ya kurasa chache sikio linazoea.