Bagamoyo hadi Tanga: Ulizia Pa Kulala Kabla ya Kuulizia Saa

Kila mtu anayeniuliza habari za kwenda Tanga kwa njia ya pwani huanza na swali lilelile: ni mwendo wa saa ngapi? Nami humuuliza, unalala wapi? Maana anayetaka kufika tu, njia anayo. Apite Chalinze na Segera, lami mwanzo mwisho, mabasi kutwa. Njia ya Bagamoyo, Saadani na Pangani ni ya mtu anayekubali giza limkute huku na huku. Ukinibana nitaje idadi, nitasema ulale Bagamoyo, ulale Saadani, Pangani ulale mara mbili, kisha Tanga mjini ukae unavyojaliwa. Wenyewe wa Tanga humshangaa mwenye haraka: waja leo, waondoka leo?

Kabla ya kuchagua gesti, chagua mwezi. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na barabara ya vumbi ya huku ikishiba mvua haina msamaha. Kuna udongo mweusi unaoganda kwenye tairi mpaka gari linateleza kama limepakwa mafuta. Mimi ningekwenda Juni hadi Septemba, kusi inavuma na jua haliunguzi sana, au Januari na Februari kabla mvua hazijaanza. Gari liwe refu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tangi lijazwe Bagamoyo, tairi la akiba likaguliwe hapohapo. Uliza pia hali ya barabara siku ile ile unayoondoka, kwa madereva wanaopita huko, kwa sababu ujenzi hubadilisha njia.

Watu wa Dar wanaionea Bagamoyo. Kwa kuwa ni kilomita 70 hivi tu, wanaifanya mahali pa kula samaki Jumapili na kurudi kabla ya foleni. Ukilala ndiyo unaiona. Alfajiri ufukweni mashua na ngalawa zinaingia, samaki wanamwagwa mchangani kwa mafungu, mnadi anapaza sauti, na mama wa kukaanga ameshafika na ndoo yake kabla wewe hujanawa uso. Ukishakunywa chai nenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kwenye msikiti na makaburi ya mawe ya tangu karne ya 13. Rudi upite misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, baada ya watu waliokuwa naye kuubeba kutoka bara kabisa. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam. Kuutazama kupitia kioo cha gari ni kuudhulumu.

Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na katika hifadhi za taifa za Tanzania Bara ndiyo pekee inayopakana na bahari. Fika mchana. Malipo ya kiingilio yashughulikie kabla, usitegemee kutoa noti getini, na kitambulisho cha uraia kiwe mfukoni kwa sababu Mtanzania analipa nafuu sana kuliko mgeni. Boti ya mto Wami usiiache: viboko wako karibu, mamba wamejilaza kwenye tope, na mikoko imefunga pande zote mbili. Kwenye ufukwe wa Madete kasa hupanda kutaga mayai. Mengine utayaona mwenyewe.

Sasa Pangani, na hapa naomba mnivumilie.

Ukitokea kusini unafikia Bweni, mto mbele yako na mji ng'ambo. Maji hayo yametoka Kilimanjaro na Meru, yamezunguka nchi nzima ya mkonge mpaka kuja kukutana na chumvi hapa. Kwenye kivuko abiria hushuka, gari linaingia taratibu kwa kuelekezwa mkono, nyuma yake zinafuata bodaboda, baiskeli za madumu, tenga la kuku, wanafunzi wenye madaftari kwapani. Ni safari fupi mno. Lakini katika ufupi huo utasalimiwa na watu usiowajua, utaulizwa umetoka wapi, na utaelekezwa gesti yenye maji ya uhakika. Hakuna simu itakayokupa habari za mji kwa haraka hiyo.

Nasema ulale mara mbili kwa sababu siku moja ni ya mji na moja ni ya bahari. Katika mji, tembea kwa miguu kando ya mto, kwenye majumba ya kale yenye milango ya kuchonga, mengine yanaanguka huku tunatazama, na hilo linaniuma. Hapa ndipo mwaka 1888 watu wa pwani walipokataa bendera ya kampuni ya Wajerumani. Abushiri bin Salim aliongoza vita hivyo, na hapahapa Pangani alinyongwa, tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hata baada yake. Yaani barabara unayoiendesha kwa starehe inapita katikati ya nchi yao, na watoto wetu wanaweza kusimuliwa hayo wakiwa wamesimama mahali penyewe.

Siku ya bahari nenda Ushongo, kusini ya mto, na kutoka huko mashua ikupeleke Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikaisha, bahari ikala ardhi, na leo ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa. Ndiyo maana nasisitiza uulize maji kabla ya kupanga tarehe. Wavuvi watakwambia kama ni bamvua, yaani maji makubwa, au maji mafu, yaani maji madogo, na saa ngapi yanajaa. Beba mwavuli na maji ya kunywa, maana kivuli hakuna hata cha kidole.

Pangani hadi Tanga ni kilomita 50 hivi, na usizikimbie. Simama Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, kisha Machui, alikozikwa Shaaban Robert. Tanga mjini nitapita haraka, kwa kuwa habari zake hazikosi msimuliaji: mapango ya Amboni, ufukwe wa Raskazone jioni, na muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu.

Ninaloliogopa ni moja. Barabara ya pwani ya Bagamoyo hadi Tanga imo kwenye mradi wa ujenzi wa lami, pamoja na daraja la mita 525 kwenye mto Pangani. Naliunga mkono kwa moyo wote. Mama mjamzito wa Bweni hapaswi kusubiri kivuko usiku. Lakini lami isiyo na pa kusimama huwapitisha watu kasi, na mji unabaki na moshi wa malori. Halmashauri za njia hii zianze sasa: vibao vinavyosomeka vya Kaole, Tongoni na Machui, vyoo visafi, maegesho kwenye ncha zote mbili za daraja, na vibanda vya kudumu kwa wanawake wanaouza samaki na mihogo kwenye vivuko. Wao ndio wamewalisha wasafiri wa mto huu miaka yote, na majina yao yaanze kwenye orodha ya watakaopewa vibanda hivyo, kabla ya mwekezaji yeyote kutoka mbali.