Mwezi, Mteja Asiyekalia Stuli

Mimi kazi yangu ni pasipoti saizi. Kibanda kipo Mwanga, hapahapa Kigoma: pazia la bluu, feni ya mezani, na stuli moja ambayo mguu wake unacheza tangu niinunue. Nimeshapiga kila aina ya binadamu. Wapo wanaofumba macho flashi ikiwaka, wapo wanaoyatoa kama wamefumaniwa. Babu mmoja alikataa katakata kuvua balaghashia, akasema hata kaburini anatarajia kutambulika nayo. Nikajiona nimefuzu, hakuna tena mteja wa kunisumbua. Kiherehere hicho ndicho kilichonipeleka kwa mwezi.

Usicheke, na wewe umeshajaribu. Unatoka nje unaukuta umejaa, unang'aa mpaka ziwani kuna njia ya fedha kutoka Kibirizi hadi Kongo. Unachomoa simu, unapiga. Ukitazama, ni tone la uji kwenye shati jeusi. Mtu mwingine anafuta, anaenda kulala. Mimi nina kibao nje kimeandikwa PICHA SAFI DAKIKA 5. Nilale na aibu hiyo?

Kosa nililijua baada ya wiki tatu za kugombana na kamera. Niliona ni usiku, nikaifungua lenzi yote, nikaweka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya ukumbi wa harusi. Kumbe kule juu panapoangaziwa si usiku. Mwezi unapigwa na jua lilelile linalotuchoma stendi saa saba mchana, kwa hiyo nao unapigwa picha kama mtu aliyesimama juani: tundu la lenzi umelibana hadi f/11, ISO 100, spidi 1/100 ya sekunde, basi. Na lililoniuma zaidi, uso wenyewe wala si mweupe. Unarudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga unaoupokea, yaani ni rangi ya lami iliyochakaa. Tunauona mweupe kwa sababu nyuma yake pametundikwa giza. Ni mambo ya pazia tu, na mimi mtu wa mapazia sikuyang'amua.

Picha ya kwanza iliyokubali nilimpelekea mke wangu kwa mbwembwe zote. Akaivuta karibu, akayatazama yale mashimo na makovu, kimya. Halafu akauliza taratibu, "Hivi mwaka ule unanichumbia, ulisema uso wangu uko kama nini vile?"

Nikasema sikumbuki.

"Kumbuka."

Washairi wametuponza, jamani. Wangekuwa na lenzi ndefu wale, neno hilo wasingelitamka.

Kwa kuwa sijui kukoma, nikanunua darubini ya mtumba, kioo chake milimita 70. Ilitoka Dar kwa basi, imefungwa ndani ya godoro la mtoto, na mpaka leo mtaani inaitwa bomba. Bei niliyomtajia mke wangu ni nusu, na hiyo nusu yenyewe bado hatujamaliza kuijadili. Nikajipa moyo: mteja yuko kilomita 384,400 kutoka hapa, kwa umbali huo atatulia tu. Hatulii! Nauweka katikati, nakaza skrubu, nachukua simu niibandike pale pa kuchungulia. Nikiinua macho mwezi umeshafika mlangoni unaaga. Dakika mbili tu zinautosha kusogea upana wake wote. Nikautukana sana, mpaka mwanangu wa darasa la sita akaniambia, "Baba, si dunia ndiyo inazunguka?" Kwa hiyo inayocheza ni stuli. Hata huko nimeikuta.

Sasa sikia la wavuvi. Kigoma hii mwezi una wenyewe, na wenyewe hawautaki. Dagaa wetu wanavuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri. Dagaa wanaufuata mwanga, wakishakusanyika wavu unawachota. Mwezi ukijaa, mwanga upo ziwa zima, na dagaa hana sababu ya kwenda kupanga foleni chini ya taa ya mtu. Mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, dagaa sokoni wanapanda bei, na wanaume wazima wa mtaa wanabaki kwenye benchi la jirani yangu wakinitazama ninavyohangaika na bomba. Mimi ndiye mtu pekee hapa anayekifurahia kinachowanyima kula. Nikipita tu: "Vipi fundi, mgeni wako anaondoka lini?"

Utasema basi, achana na mwezi, piga nyota siku za giza. Haya. Kiangazi ile Njia ya Maziwa inapita karibu na utosi kabisa, watu wa Ulaya wanaililia hiyo nafasi. Lakini siku za giza ndizo jamaa wote wako kazini! Unatoka nje unakuta ziwa limewaka kama vile Kariakoo imeota majini. Picha yangu ya nyota ina nyota chache na wavuvi wengi. Ongeza moshi wa mapori yanayochomwa wakati huohuo wa kiangazi, kisha mvua zinazoanza kabla ya Krismasi na kututambia hadi Aprili. Nilianza kuhesabu usiku unaonifaa kwa mwaka, nikaona bora nisiendelee.

Na kusimama nje peke yako saa nane za usiku katika mkoa huu, ukiinamia bomba na kunong'ona, jina nililopewa mtaani silitaji. Siku moja walinzi wa mtaa walinimulika tochi.

"Unafanya nini hapo?"

"Napiga picha mwezi."

Wakatazamana. Mmoja wao, ambaye pasipoti yake nilimpiga mimi mwenyewe, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani unasafiri?"

Ikikaribia Ramadhani, ua wangu unageuka kituo. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga unalala chali kama mtumbwi, unakaa kidogo juu ya milima ya Kongo, unazama. Ndani ya dakika hizo chache kila mtu anataka jicho lake liwe la kwanza. Mwaka huu kuna shemeji alipiga kelele "Nimeuona! Nimeuona!" mpaka watoto wakakimbia kutangaza. Nilipochungulia nikakuta alama ya kidole gumba kwenye kioo. Cha kwake.

Tarehe 7 Septemba 2025 ulipatwa. Jumapili, saa za watu wote kuwa macho: ukafunikwa mzima saa 2:30 usiku, ukaanza kuachiwa saa 3:52. Wazee wakaenda kuswali swala ya kupatwa, mimi nikabaki na watoto wa mitaa mitatu. Mwezi ukipatwa unakuwa mwekundu kama mawese, kwa sababu mwanga unaoufikia ni ule uliopenya pembezoni mwa hewa ya dunia, mwekundu kama wa machweo. Lakini unafifia vibaya sana. Ile spidi ya 1/100 inakuwa upuuzi, unahitaji sekunde nzima, na ndani ya sekunde nzima lazima kuna mtoto atagusa stendi ya bomba. Dakika 82, neno nililolisema mara nyingi kuliko yote ni "usishike". Nina picha moja. Ni mawese yaliyomwagika.

Kupiga nako ni nusu ya balaa. Sisi wa zamani picha tunasafisha, na huu unasafishwa kama mchele. Hewa inacheza, kwa hiyo mwezi unautazama kama sarafu iliyo chini ya maji yanayotiririka: mara umetulia, mara umekunjamana. Dawa yake ni kutopiga picha moja. Unachukua video ya dakika moja, fremu 1,800, unaimwaga kwenye programu inaitwa AutoStakkert. Hiyo inakaa kama mama aliyepakata ungo, inachambua: hii imetulia, hii jiwe, hii chuya. Unabakiza labda asilimia 10, picha 180, inazilaza moja juu ya nyingine mpaka zile chenga zote zinapotea. Halafu unahamia programu nyingine, RegiStax, kunoa. Humo kuna vitufe vya kuvuta taratibu, na mimi sijui kuvuta taratibu. Nilivuta vyote hadi mwisho. Mwezi ukatoka kama ukoko wa wali wa harusi, umeungua kingo.

Tena mashine yangu ni ya kulelewa. Kazi ya dakika kumi inakesha nayo. Umeme ukikatika, mtaa mzima unasema "aaah!", mimi peke yangu nashangilia: giza! Nabeba bomba mbio hadi nje, naelekeza juu, na hapo ndipo naikumbuka kompyuta. Betri yake ilishakufa zamani. Niliiacha imefika asilimia 92.

Katikati ya mateso haya akaja mpwa wangu, yuko likizo, ana simu mpya. Mkono mmoja umeshika muhogo wa kuchoma, mwingine akauinua juu, paa! Mashimo yote, michirizi yote, safi kuliko yangu. Niliumwa kichwa siku mbili. Ya tatu nikaitega. Nikachukua picha ya mwezi, nikaitia ukungu makusudi mpaka ikabaki duara tupu, nikaiweka kwenye kioo cha kompyuta, nikazima taa, nikamwambia kijana asimame kule mlangoni apige. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo ambayo kwenye ile picha hayamo! Ndani kuna akili mnemba iliyofundishwa sura ya mwezi. Ikiona duara jeupe gizani, inajazia yenyewe.

"Huu ni wizi," nikamwambia. "Ni kama mtu aje kwangu kupiga pasipoti, nimbandike sura ya mwenzake."

"Lakini Mjomba, si imependeza?"

Sikuendelea sana na hoja hiyo. Nusu ya makoti ya suti unayoyaona kwenye picha za watu wa Mwanga nimeyabandika mimi. Na ni koti moja.

Lakini kuna usiku ukanionea huruma. Mwezi una siku kumi na moja hivi, saa saba usiku, umeshaanza kuinamia Kongo. Hewa imetulia tuli, umeme upo, watoto wamelala. Nikachukua video, nikachambua, nikalaza, nikanoa kwa adabu. Mungu mkubwa. Copernicus lile shimo kubwa limekaa na ngazi zake, Tycho, shimo jingine, anamwaga michirizi yake myeupe pande zote kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe. Nikaichapa kubwa, nikaitundika juu ya pazia la bluu.

Na mwezi ukaanza kulipa. Wateja wanakuja na shida ya pasipoti, wanaondoka na mwezi wa elfu tano. Bibi harusi mmoja alitaka awekwe amekaa juu yake, nikamweka. Nakala kumi na moja zimetoka. Mke wangu akaanza kuiita darubini "darubini".

Jumamosi akaingia yule mzee jirani, mwenye benchi. Mvuvi tangu ujana wake, alitaka picha ya kitambulisho. Badala ya kukaa akabaki anatazama ukutani. Akaishusha picha, akaizungusha robo, akaizungusha tena, akaigeuza juu chini, kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi.

"Fundi, huu siyo."

"Siyo nini, mzee wangu?"

"Hiki cheupe chenye michirizi. Mwezi ukizama, hiki huwa kinakaa kusini, upande wa Mahale. Wewe umekipeleka kaskazini, Burundi."

"Si unaizungusha tu, mzee."

"Nimeizungusha kote, haikai."

Nikahisi jasho. Darubini yangu ina kioo cha pembe pale pa kuchungulia, na kioo kile kinageuza kulia kuwa kushoto, sawasawa na kujitazama kwenye kioo cha ukutani. Ukishapiga unatakiwa uigeuze kwenye kompyuta, ni kubonyeza mara moja tu. Nilisahau. Wateja kumi na moja, bibi harusi, walinzi, mpwa mwenye simu inayojua kila kitu, hakuna aliyeona.

"Mzee, wewe umejuaje?"

"Miaka arobaini," akasema. "Kila ukijaa nakaa pale mchangani sina kazi, nautazama huo mpaka uzame, ndipo nikalale. Wewe una muda gani nao?"

"Miezi minane."

Akanirudishia picha yangu. Akaikalia stuli, ikayumba, akaizuia kwa mguu, akanyoosha kola, akatazama lenzi.

"Haya, piga. Ila mimi usinigeuze."