Kalamu nyekundu na washairi wanawake wa Karibi

Nikiwa darasa la sita, Mombasa, niliandika insha kuhusu msiba wa jirani. Nikasema mamake marehemu alikaa ukumbini akifuta matozi kwa ncha ya leso. Daftari liliporudi, neno "matozi" lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu na juu yake pameandikwa "machozi". Kwetu hapakuwa na mtu mwenye machozi. Bibi, mama na mashangazi wote walilia matozi, wakaumwa na mato, si macho, wakatuita "ndoo!", si "njoo!", chakula kikiiva. Jioni ile nilimsahihisha bibi yangu kwa mara ya kwanza. Alinitazama tu, akaendelea kukuna nazi.

Huwa namkumbuka kila ninapowasoma wanawake wa Karibi waliohamia ughaibuni wakaandika mashairi, na ndiyo sababu nina ugomvi na jinsi wanavyosomwa. Watu huwasifu kwamba wanalilia nyumbani: miembe, bahari, viungo, kisha baridi ya London. Ni kweli hayo yamo. Lakini urithi walioupigania kwa meno na kucha hauko kwenye embe. Uko kwenye sarufi.

Mchukue Grace Nichols. Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1950, akahamia Uingereza 1977. Mwaka 1983 alitoa diwani yake ya kwanza, I is a long-memoried woman, ikapata Tuzo ya Ushairi ya Jumuiya ya Madola mwaka huohuo. Anayesema humo ni mwanamke mmoja aliyebeba kumbukumbu za wengi: waliotolewa Afrika Magharibi, waliokata miwa, waliojifungulia utumwani. Sasa yatazame maneno mawili ya mwanzo ya jina la diwani. Kiingereza cha darasani kingetaka "I am". Yeye kaandika "I is", na kaliweka juu ya jalada, mahali ambapo kalamu nyekundu ingeanzia kazi yake.

Nimejaribu mara nyingi kulitafsiri. "Mimi ni mwanamke wa kumbukumbu ndefu" ni sahihi, na limekufa. Nilikuwa nimeshalisahihisha kabla sijalifikisha kwa msomaji. Nikajaribu "Mimi iko mwanamke", nikashtuka mwenyewe. Kwetu Kenya "mimi iko" ina historia yake: ndicho Kiswahili alichokitumia setla kumwamuru mpishi na mtunza bustani. "I is" ni kinywa cha mtumwa kilichokichukua Kiingereza cha bwana kikakijenga upya kwa kanuni zake, mpaka kikawa lugha ya kulelea watoto. "Mimi iko" ni kinywa cha bwana kikikanyaga Kiswahili bila kujali. Kwa umbo yanafanana, ila moja lilitoka kwa aliyeshika fimbo na jingine kwa aliyechapwa. Kwa hiyo nimeliacha jina lilivyo. Sioni aibu kusema limenishinda.

Kabla ya Nichols kulikuwa na Louise Bennett, ambaye Wajamaika humwita Miss Lou. Alizaliwa Kingston mwaka 1919, na kwa miaka mingi wasomi walimhesabu mchekeshaji kwa sababu alitunga kwa patwa, lugha ya sokoni na barazani. Katika shairi lake "Colonization in Reverse" anamwita shoga yake Miss Mattie, anampasha habari: Wajamaika wanajazana melini kwenda Uingereza, wanakwenda kuitawala nchi iliyowatawala! Yumo Jane, ambaye amejilaza kwenye kochi la Aunt Fan akisoma riwaya ya mapenzi, huku serikali ikimlipa pauni mbili kwa wiki atafute kazi inayolingana na hadhi yake. Ukiwahi kukaa uani wanawake wakisukana, unaijua sauti hiyo: kila neno lina pili yake, na anayesemwa anajijua. Miss Lou aliondoka Jamaika mwenyewe, akafariki Toronto mwaka 2006, na hadi mwisho patwa haikumtoka kinywani.

Kanada inanikumbusha jambo ambalo sifa za "kulilia nyumbani" hulificha, nalo ni kazi. Mwaka 1955 serikali ya Kanada ilianzisha mpango wa kuwachukua wanawake wa Karibi kufanya kazi za ndani. Masharti yalitaka mwanamke awe kati ya miaka 18 na 35, asiwe na mume wala mtoto. Baadhi yao walikuwa walimu na makarani kwao. Waliokuwa wakisahihisha madaftari wakaenda kupiga deki. Dada zetu wanaopanda ndege kwenda Saudia na Oman hawahitaji kuelezwa hilo, na natamani siku moja nisome diwani yao, kwa Kiswahili chao.

Aliyeniumiza zaidi ni M. NourbeSe Philip, mzaliwa wa Tobago aliyehamia Kanada mwaka 1968. Shairi lake "Discourse on the Logic of Language" ni lazima ukizungushe kitabu ili ulisome lote. Katikati kinasemwa Kiingereza, lugha ya baba, lugha inayogeuka uchungu kila inapotamkwa. Upande mmoja kuna amri: mwenye watumwa ahakikishe wametoka makabila mengi yenye lugha tofauti, wasije wakaelewana wakaasi. Na pembeni, kwa maandishi yaliyolazwa ubavu, mama anamlamba mtoto mchanga mpaka anatakata, kisha anautia ulimi wake kinywani mwa mwanawe na kumpulizia maneno: yake, ya mamake, ya mamake mamake. Siku niliyolisoma nilikuwa kwenye basi. Nilikigeuza kitabu, nikasoma, nikakifunga, nikatazama dirishani hadi mwisho wa safari. Niliiona nazi ya bibi.

Sisi, kwa kweli, tumenusurika. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikabaki nje ya darasa katika mji wake. Lakini ushairi haukukifukuza. Mshairi Muyaka wa Mombasa alikuwa ameshatunga kwa Kimvita karne moja kabla, na hadi leo mtunzi akiandika "mato", hata awe mtu wa bara, anahesabiwa mjuzi wa fani. Miss Lou ilibidi apiganie mlango ambao sisi tuliukuta wazi, na bado tunawafundisha watoto wetu kuuona aibu.

Lipo shairi moja la Nichols ambalo halikunishinda. Oktoba 1987 dhoruba kubwa ilipiga kusini mwa Uingereza usiku ikang'oa mamilioni ya miti. Katika "Hurricane Hits England" mwanamke mhamiaji yu macho usiku, anausikiza upepo, na badala ya kuogopa anauita kwa majina. Huracan, mungu wa dhoruba wa wenyeji wa kale wa Karibi. Oya na Shango, miungu ya upepo na radi waliovuka Atlantiki pamoja na Wayoruba. Na Hattie, kimbunga kilichoipiga Belize mwaka 1961, ambaye anamwita binamu yake wa nyumbani. Anawauliza wamefuata nini huku, na miti imelala chini kama nyangumi.

Kiingereza kinalazimika kueleza kwamba upepo huo una roho ndani yake. Kiswahili hakina haja. Upepo mmoja, pepo nyingi. Na pepo ndilo jina tunalowaita wale wengine pia, wanaompanda mtu kichwani. Nilipoandika "Semeni nami, enyi pepo", shairi lilitulia kama limefika kwao.

Nilimsomea shangazi yangu kwa simu. Yeye hajawahi kutoka Mombasa, na Guyana hakujua iko upande gani. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo.

"Sasa mwanangu," akasema, "si zimemfuata mtu wao?"