Nani amekuleta?

Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa kuchomelea. Alisoma, akafaulu, akapewa cheti. Cheti hicho kimo ndani ya bahasha ya kaki, bahasha imo ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko uko chini ya godoro lake pale Igogo, Mwanza. Mwezi wa saba nilimpigia simu. Huku San Antonio, Texas, ilikuwa saa nne asubuhi, kwao saa kumi na mbili jioni, nikasikia bodaboda zikipita na konda akiita abiria wa Kirumba. Nikamwuliza habari za kazi.

"Dada, nimezunguka mpaka viatu vimekwisha soli. Kila nikifika wananiuliza, nani amekuleta?"

Sikulala vizuri usiku ule. Swali hilo nalijua. Aliyewahi kutafuta kazi Mwanza ameulizwa hivyo getini, kwenye gereji, dukani, hata kwenye nyumba ya kufulia watu nguo. Tumezoea kulichukua kama mlango wa rushwa, na mara nyingine ndivyo lilivyo. Lakini nimelifikiria sana, na naona mara nyingi anayeuliza ana hofu ya kweli. Mwenye karakana anataka kujua akikuachia mashine yake leo, kesho ikipotea atamfuata nani. Anataka mtu wa kusimama nyuma yako. Basi mwenye mjomba anaingia, na asiye na mjomba anarudi Igogo na bahasha yake.

Nimekaa Marekani miaka kumi na moja. Watu wa nyumbani wakiniuliza huku kuna nini cha kuzidi Mwanza, wanategemea nitaje barabara au mishahara. Mimi nataja kitu kimoja: huku nilimkuta mtu ambaye kazi yake, anayolipwa mshahara kwa ajili yake, ni kuwa jibu la lile swali kwa watu wasio na mjomba.

Nilifika hapa na cheti cha kidato cha nne na mtoto wa miaka mitatu. Miaka miwili nilisafisha vyumba vya hoteli. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyenielekeza kwenye shirika lisilo la faida linalosomesha watu wa kipato cha chini kazi za hospitali. Nilienda nimebeba vyeti vyangu vyote, nikijua nitaulizwa nilisoma wapi na nilipata alama gani. Yule dada aliyenipokea, ambaye ndiye aliyekuja kuwa mshauri wangu, hakuvigusa. Alichukua karatasi, akaandika maswali mawili. La kwanza, darasa likianza saa moja asubuhi mtoto utamwachia nani? La pili, basi la kwanza mtaani kwenu linapita saa ngapi? Tukakaa pale zaidi ya saa nzima tukipiga hesabu ya mabasi, tukagundua kwamba siku za Jumanne na Alhamisi nisingeweza kufika kwa wakati hata kidogo. Hapo ndipo akafungua kompyuta akaanza kutafuta mama wa kumwangalia mtoto aliye karibu na chuo.

Ada walilipa wao. Tiketi ya basi ya mwezi, sare, viatu vyeupe, ada ya mtihani, yote wao. Lakini si fedha iliyonivusha. Kila wiki tulikutana, sisi kumi na wawili na yule mshauri wetu, na kila mmoja alisema wiki imemwendeaje. Aliyekosa hesabu alitafutiwa wa kumfundisha. Aliyekosa kuja alipigiwa simu siku hiyo hiyo.

Tulipofika kwenye mazoezi ya usaili, nilishindwa mara tatu. Nimelelewa na bibi wa Kisukuma. Mkubwa akikusemesha unainamisha macho, unakunja goti, unajibu kwa sauti ya chini. Huko kwetu hiyo ndiyo adabu. Huku mwajiri akiona huyainui macho yako anadhani unaficha jambo. Mshauri hakuniambia mila yangu ni mbaya. Aliniambia, "Nitazame hapa, katikati ya nyusi, si lazima machoni." Tukarudia mpaka nikaweza kusema jina langu na kazi niliyotoka kuifanya bila kutazama sakafu. Nikaingia hospitali kama msaidizi wa wauguzi, na baadaye nikarudi shule nikawa muuguzi mwenye leseni.

Na hata baada ya kupata kazi hakuniacha. Mwezi wangu wa tatu kazini nilibadilishiwa zamu nikapelekwa usiku, mtoto sina pa kumweka, nikaandika barua ya kuacha kazi. Kabla sijaipeleka simu yake ikaita, ilikuwa siku yake ya kunijulia hali. Akaongea na ofisi ya watumishi, nikapewa wiki mbili nijipange. Ningekuwa peke yangu ningerudi kwenye ndoo na ufagio, na vyeti vyangu vikae chini ya godoro kama vya mdogo wangu.

Baadaye nilitaka kujua mambo haya yalianzia wapi, nikakuta historia inayofanana na yetu kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1990 kampuni ya Levi Strauss ilifunga kiwanda chake cha nguo katika jiji hili, wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakabaki bila kazi, wengi wao akina mama wenye asili ya Meksiko. Makanisa na vikundi vya mitaa havikukimbilia kufungua darasa. Walikaa nyumba kwa nyumba wakisikiliza watu, kisha wakaenda kwa waajiri wakubwa wa jiji kuwauliza ni kazi zipi zinakosa watu na ziko tayari kulipa vizuri. Waajiri wakaahidi nafasi kabla hajasomeshwa mtu. Mwaka 1992 likazaliwa shirika la Project QUEST. Watafiti baadaye walifuatilia makundi mawili yaliyopangwa kwa kura, waliopata msaada huo na waliokosa. Mwaka wa kwanza waliosaidiwa walikuwa nyuma kwa kipato, maana walikuwa darasani. Mwaka wa sita walikuwa wamewazidi wenzao kwa zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka. Naomba tuuangalie vizuri mwaka ule wa kwanza. Mfadhili anayetaka ripoti baada ya miezi mitatu angefunga mradi ule na kusema umeshindwa.

Yapo mashirika ya namna nyingi. Goodwill ilianzia Boston mwaka 1902, inapokea nguo na vyombo watu wanavyotoa, inaviuza madukani kwake, na fedha inasomeshea watu kazi. Mtu wa Mwanza aliyechambua robota la mitumba sokoni Mlango Mmoja anajua nguo za sadaka za Marekani zinafika mbali kiasi gani. Kinachobaki huku ni kwamba shati lile lile linaweza kuwa limesaidia kumlipia mtu ada.

Sasa nyumbani. Kabla sijasafiri, nilihudhuria mafunzo ya shirika moja kule Igoma. Tulikuwa wanawake thelathini. Wiki mbili, posho ya nauli, fulana za rangi ya machungwa, na somo moja: kutengeneza sabuni ya maji. Mwalimu alikuwa mzuri, simlaumu. Siku ya mwisho mgeni rasmi alikuja, tukapiga picha, tukagawiwa vyeti. Wiki iliyofuata wanawake thelathini tukaingia mtaa mmoja kuuza sabuni ya maji. Mimi nilimpelekea jirani yangu, nikamkuta naye anakoroga. Hakuna aliyekuwa ameuliza kwanza Igoma inahitaji sabuni kiasi gani, au kama hoteli za mjini na mama ntilie wa Kirumba wangeweza kuwa wateja wetu, na nani angetupeleka kwao. Hakuna aliyerudi kutuuliza. Nilibaki na madumu mawili uvunguni mpaka nikayagawa.

Simaanishi kwamba kwetu hakuna kitu, na hapa ndipo nakerwa na wenzangu wa ughaibuni wanaosema Tanzania haijali vijana wake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na waajiri wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973, na pale Nyakato watu wanajua ilipo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Upo hata utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani fundi aliyejifunzia kijiweni anapimwa kwa alichokijua mikononi mwake na kupewa cheti bila kuanza shule upya. Mimi naupenda utaratibu huo kuliko yote, kwa sababu unamheshimu fundi.

Tatizo ni nafasi iliyopo kati ya ofisi moja na nyingine. Kijana anamaliza chuo, hajui kwamba mkopo unataka kikundi, kikundi kinataka katiba na usajili, na usajili unataka barua ya mtendaji wa mtaa. Kila ofisi inamwelekeza nyingine kwa nia njema kabisa. Mwenye ndugu ofisini anapita njia hiyo kwa wiki. Wa kwangu alipita kwa miezi minne akaishia katikati. Vijana waliochomelea na kufunga nondo kwenye daraja la Kigongo hadi Busisi, kilometa 3 juu ya maji, wangapi wamerudi makwao na ujuzi mkubwa mikononi bila karatasi ya kuuonyesha? Nani anawatafuta mmoja mmoja awapeleke kupimwa?

Najua jibu nitakalopewa: Texas kuna hospitali zinalia kukosa watu, Mwanza kazi hazipo, huyo mshauri atampeleka kijana wapi? Ni hoja ya haki. Viwanda vya minofu ya sangara vilipopunguza zamu, hakuna simu ya mshauri ingemrudisha samaki ziwani. Lakini kazi ya Mwanza haiko mahali pamoja kama hospitali, imetawanyika. Wavuvi wa dagaa wameanza kuacha karabai na kutumia taa za sola, taa zinaharibika, betri zinakufa, na wanaojua kuzitengeneza ni wachache. Mitumbwi inavuja. Wanaoanika dagaa mchangani wanahitaji chanja. Buhongwa na Kisesa nyumba zinaota kila wiki, kila moja ina madirisha na geti. Kazi hizo hazitangazwi popote, zinapita mdomo kwa mdomo, kwa watu wanaojuana. Ndiyo maana mshauri kwetu anahitajika zaidi kuliko huku, ila kazi yake itakuwa kuzunguka soko la samaki la Mwaloni, kuongea na wenye mitumbwi, kujua nani ana tenda na nani ni mlipaji.

Na kwetu tuna kitu ambacho huku sijakiona. Kijana wa miaka kumi na sita anaruhusiwa kusogea kwenye gereji ya Mabatini, aanze kwa kupokeza spana, afagie, atazame, na baada ya miaka miwili injini ya Fuso anaifungua peke yake. Huku Marekani mara nyingi bila karatasi hukaribii chombo. Siku nilipofaulu mtihani wangu wa uuguzi nilikaa kwenye kituo cha basi nikalia, maana hapakuwa na hata mmoja wa kunipigia vigelegele. Mwanza mtaa mzima ungejua kabla sijafika nyumbani. Majirani tunao, mafundi wenye mioyo ya kufundisha tunao. Hatujaamua tu kumlipa mtu mmoja awaunganishe.

Sisi watu wa Mwanza tulioko hapa San Antonio, watano, tulikuwa tunachanga kila mwaka kununua vyerehani na mashine za kupeleka nyumbani. Mwaka huu niliwaomba tusinunue mashine. Wawili walikasirika, mmoja akaniuliza tutapiga picha ya nini. Nikawaeleza habari ya mabasi ya Jumanne na Alhamisi. Tukakubaliana kumlipa posho, vocha na nauli mama mmoja mstaafu wa Igogo, aliyekuwa karani kwenye kiwanda cha samaki, anayewajua wenye karakana kwa majina ya watoto wao. Tumempa vijana sita wenye vyeti, mdogo wangu akiwamo. Ana daftari kubwa la kaunta, kila kijana ukurasa wake: anakaa wapi, anajua nini, ameenda kwa nani, amejibiwa nini.

Huu ni mwezi wa nne tangu aanze. Wawili wanafanya kazi kwa fundi mmoja Nyakato ambaye alikubali kwa sababu mama huyo alikwenda nao mwenyewe na kusema, "Hawa nimewaleta mimi." Mmoja ameacha, amekwenda machimboni Geita. Wawili wanasubiri kupimwa ujuzi wao. Mdogo wangu alipata kibarua cha mageti Buhongwa, wiki tatu, kikaisha, akakata tamaa tena. Ijumaa ni siku ya mama kumpigia. Ijumaa iliyopita alipiga mara tatu, hakupokea. Jumamosi asubuhi mama akajifunga khanga, akapanda kilima cha Igogo kwa miguu mpaka mlangoni kwake, akabisha hodi, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka. Lete hiyo bahasha, twende."