Zaidi ya furaha iliyopitiliza

Makala moja niliyoisoma imeieleza mania, ule upande wa juu wa ugonjwa wa baipola (ugonjwa wa akili ambao hisia hupanda na kushuka kupita kiasi), kuwa ni furaha iliyopitiliza. Ninaishi na ugonjwa huu, naomba niongeze habari ya mawazo yenyewe.

Mwanzoni ni matamu, sikatai. Namwona muuza mkaa, nakumbuka misitu, kwenye misitu napata mpango wa biashara, na kabla sijaumaliza nimeshafika kwa marehemu bibi na wimbo wa shuleni. Mdomo unayakimbilia, hauyafikii. Ndiyo maana watu husikia maneno yasiyo na kichwa wala miguu, ingawa kwangu kila neno lilikuwa na njia yake.

Siku ya nne, nikiwa nalala kwa saa mbili tu kila usiku, utamu uliisha. Ikawa kama redio kumi zimewashwa chumba kimoja na hakuna hata moja inayozimika. Nilishika kichwa, nikamwambia dada, "Yanyamazishe." Akadhani nasikia sauti. Hapana, yalikuwa mawazo yangu, na nilijua ni yangu.

Lithiamu, dawa ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, ndiyo iliyonirudishia wazo moja kwa wakati mmoja. Napimwa damu mara kwa mara, maana dawa hiyo ikizidi mwilini ni sumu. Ndugu zangu, mkiona mtu wenu halali na wala hachoki, mpelekeni hospitali mapema. Msisubiri mpaka avue nguo barabarani.