Upupu ni dawa, ila Tabora isianze na kiwanda

Mvua zikiisha, upupu hukauka vichakani na watu huupita kwa mbali. Kinachowasha ni vinyoya vya ganda, vyenye serotonini na kimeng'enya kiitwacho mukunaini. Punje iliyomo ndani haimwashi mtu. Ndani yake mna levodopa, dawa ile ile anayopewa katika kidonge mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa.

Ukilitaja jambo hili kwa watu wawili wa Tabora, wa kwanza atasema tujenge kiwanda, wa pili atauliza kilo wananunua shilingi ngapi. Mimi nawaomba wote wawili wasubiri. Tunachokosa si kiwanda wala mnunuzi. Tunakosa kujua kila gunia lina dawa kiasi gani.

Levodopa safi kwa sehemu kubwa haitegemei mbegu tena. Mwaka 1913 Guggenheim, mkemia wa kampuni ya Roche kule Basel, aliitoa kwenye maharage ya bakla. Alimeza gramu 2.5 ili ajue inafanya nini, akatapika. Mwaka 1937 Damodaran na Ramaswamy wa India wakaipata kwenye upupu. Kisha William Knowles wa Monsanto akagundua namna ya kuitengeneza kwa kichocheo cha kemikali, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Kushindana na njia hiyo kwa kusaga punje ni kujitafutia hasara.

Maana kuitoa kwenye punje si kazi ya jikoni. Unasaga, unaondoa mafuta kwa kiyeyushi, unaloweka unga kwenye maji yaliyotiwa asidi pamoja na vitamini C kidogo, unachuja, unapunguza maji taratibu, kisha unasubiri fuwele. Mambo huharibika pale asidi inapopungua. Levodopa ikikutana na hewa kwenye maji yasiyo na uchachu hubadilika rangi: waridi, kahawia, mwisho weusi kama wino. Weusi huo ni melanini, na ikishafika hapo hairudi kuwa dawa. Chombo cha chuma chenye kutu huharakisha mambo, kwa hiyo tumia kioo au stenlesi. Kwa hesabu ya karatasi, kilo 100 za punje zenye asilimia 5 zina kilo 5 za levodopa. Zitakazofika kwenye chupa ni pungufu ya hizo, na utakuwa umenunua kiyeyushi, asidi na umeme.

Tabora inaweza kufanya kitu kingine chenye thamani, nacho ni unga wa mbegu iliyokaangwa, wenye asilimia ya levodopa inayojulikana. Mwaka 2017 ilitoka taarifa ya jaribio lililofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18. Walipewa unga wa namna hiyo hiyo, haukuchujwa kitu, na kwa dozi moja moja ulifanya kazi sawa na kidonge. Kabla ya hapo, mwaka 2004 London, gramu 30 za unga ulioandaliwa vizuri, zenye levodopa kama gramu moja, zilianza kufanya kazi baada ya dakika 35 hivi, wakati kidonge kilichukua dakika 68 hivi. Wagonjwa walikuwa wanane tu. Mwaka uliofuata jaribio la Bolivia, watafiti wale wale wakatoa matokeo ya kutumia unga kila siku kwa wiki 16: kati ya wagonjwa 14, saba waliuacha, wanne kwa sababu ya tumbo na watatu kwa sababu mwili ulizidi kuwa mgumu kusogea. Anayekutajia matokeo ya 2017 akanyamaza kuhusu haya ya mwisho, ujue anakuuzia kitu.

Sababu ya tumbo ni ile ile iliyomtapisha Guggenheim. Ubongo wa mgonjwa umepungukiwa dopamini, kemikali inayousaidia kuongoza mwendo wa mwili, na dopamini yenyewe haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Levodopa inavuka, lakini sehemu kubwa hugeuzwa kuwa dopamini ingali njiani, tumboni na kwenye damu, ndipo kichefuchefu na kushuka kwa presha vinapoanza. Kidonge cha hospitali kina karbidopa au benserazidi inayozuia mgeuko huo. Unga hauna. Ndiyo maana kule Bolivia walipima miligramu 3.5 za levodopa kwa kila kilo ya mgonjwa kwa upande wa kidonge, na 12.5 au 17.5 kwa upande wa unga.

Sasa tupige hesabu. Mgonjwa wa kilo 60 kwa kipimo cha chini anahitaji miligramu 750. Unga ukiwa na asilimia 5, hizo ni gramu 15, karibu punje 15 za mukuna, upupu wa kulimwa usiowasha, kwa kuwa punje moja ina uzito wa kama gramu moja. Unga ukiwa na asilimia 3, gramu zile zile 15 zinatoa miligramu 450 na mgonjwa anaweza kubaki amekakamaa. Ukiwa na asilimia 6 anapata 900, anaweza kuanza kutapika au kujipindapinda bila kutaka. Mbegu za upupu hutofautiana kwa kiasi hicho kabisa, kutokana na aina, udongo na mwezi wa kuvuna. Anayepima kwa kijiko bila kujua asilimia anabahatisha.

Kwa hiyo tuanzie shambani. Upupu wa porini tuuache porini. Aina ya kulima ni mukuna, ndugu yake asiyewasha, ambao wakulima wengi wanaujua kama mbolea ya kijani. Panda kwenye mahindi yakiwa na wiki nne hadi sita. Ukiupanda siku moja na mahindi, utayakwea na kuyanyonga kabla hayajabeba. Ukiupanda peke yake ukatambaa chini, maganda yanagusa udongo na kuoza. Bua la mahindi ndilo jukwaa lake. Kwa wakulima wa tumbaku kuna faida ya pembeni: mukuna hupunguza minyoo fundo, wale wa mizizi. Ila msimu unaofuata weka mahindi, si tumbaku, kwa kuwa naitrojeni anayoiacha huchelewesha jani kuiva na bani, lile banda la kukaushia tumbaku, itakutolea rangi mbaya.

Kukausha ndiko kunakoangusha wengi. Usitumie bani. Joto la hatua ya mwisho ya tumbaku hufika nyuzi 70 hivi, na mbegu hii haitaki joto kali la muda mrefu. Anika maganda kwenye turubai, pukuchua, kisha anika punje kivulini penye upepo. Huna kipima unyevu? Chukua chupa ya kioo kavu, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa kwenye sufuria, funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na ukungu unakuja, pamoja na sumukuvu. Isipoganda, rudisha kivulini siku moja zaidi ndipo ufunge gunia. Chumvi inakuambia tu kwamba uko chini ya 15. Gunia la kukaa miezi linataka chini ya 12.

Kukaanga ni kwenye kikaango kipana, moto mdogo, ukigeuza bila kupumzika hadi ngozi ianze kupasuka. Ikinukia kama karanga, toa. Ikinukia kama kahawa, umeshaunguza dawa. Usichemshe: levodopa hutoka na kubaki majini. Huko Malawi watu hula mbegu hizi kama maharage kwa kuchemsha na kumwaga maji mara kadhaa. Kule Nampula, Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1980, njaa na uhaba wa maji viliwafanya watu wasimwage, wakapata vurugu za akili.

Baada ya hapo, gramu chache za kila toleo ziende maabara. Kromatografia ya kimiminika, mashine inayotenganisha kemikali na kuzipima, yenye kigunduzi cha nanomita 280 inatosha. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana Taasisi ya Dawa za Asili, na hapa Tabora kuna TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo, wanaojua kupanda mistari ya majaribio. Kuviunganisha hivi viwili hakugharimu hata robo ya jengo la kiwanda.

Mgonjwa anayetumia vidonge asiviache ghafla kwa sababu kasikia habari za upupu. Kuacha ghafla huleta homa kali na mwili kukakamaa, na huua. Asichanganye unga na kidonge bila daktari kupunguza kimoja. Vidonge vya vitamini B6 huudhoofisha unga usio na karbidopa. Vya madini chuma hushikana na levodopa tumboni. Hata dagaa na maharage huchelewesha, basi unga unywewe nusu saa kabla ya mlo. Na akitapika, zahanati isimpe metoklopramidi, kwa kuwa inaziba ile dopamini tunayoitafuta. Domperidoni ndiyo salama zaidi, moyo wake ukiwa mzima.

Zile pakiti za unga wa upupu zinazouzwa stendi zikiandikwa nguvu za kiume sizihesabu hapa. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lina sheria tangu 2002 ya kuzishughulikia. Pakiti ninayoitaka ina namba ya toleo, mwezi wa kuvuna, asilimia ya levodopa iliyopimwa, na kipimo kwa gramu, pamoja na mizani ndogo ya mfukoni ndani ya boksi.